Ulikuwa Unaongea na Nani?

Nilisema "Amina", sebule nzima ikaitikia. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwenyekiti wa jumuiya akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaninong'oneza, "Leo umetuombea, mzee." Bibi yangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Muda wote wa maombi alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Sasa akainua uso, akanitazama, akaniuliza kwa Kichagga, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama huko mjini mvua imenyesha:

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Watu wakacheka kwa upole, vile watu wanavyomcheka mzee aliyepoteza kumbukumbu. Shangazi akamwinamia sikioni: "Alikuwa anaomba, mama. Alikuwa anamwomba Mungu."

"Aa," Bibi akasema. Akavuta blanketi lake.

Ikaletwa chai na ndizi za kuchemsha, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa. Mimi nilishuka kutoka Old Moshi jioni ile na swali la Bibi, na hii ni wiki ya saba ninalala nalo.

Sijui kama alijua anachouliza. Mwaka wa tatu sasa kumbukumbu yake inamomonyoka kama ukingo wa mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashambani, wakati wa masika. Leo limekwenda jina la mjukuu, kesho njia ya kutoka jikoni kwenda sebuleni. Huenda alikuwa hajui tu ni nani yumo ndani. Lakini Bibi huyuhuyu alifundisha shule ya Jumapili zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo alisikia watoto wengi wakisema sala kwa ajili ya kusikiwa na mwalimu.

## Sauti ninayoijua

Mimi ni mzee wa kanisa, mwaka wa tisa huu. Kwenye usharika wetu nikionekana mahali, maombi ni yangu: kipaimara, sendofu, arobaini, duka likifunguliwa, gari jipya likiletwa nyumbani. Najua pa kuanzia na sifa, pa kushuka kwenye toba, pa kupandisha sauti kwenye mahitaji, na pa kuishusha taratibu hadi wale waliofumba macho wajue tumekaribia mwisho. Hakuna aliyenifundisha. Ni mambo ambayo mtu anayachukua kwa kusikia, kama mtoto anavyochukua lafudhi ya nyumbani kwao.

Na sikuwa naigiza. Kila neno nililoomba sebuleni kwa Bibi nililiamini, na hilo ndilo lililonisumbua.

Jumatatu yake, nikiwa dukani, nilianza kuhesabu. Mara ya mwisho nimeongea na Mungu bila mtu kusikia ilikuwa lini? Sala ya chakula niliiweka pembeni, na yale maneno mawili ya kitandani yasemwayo nusu usingizini. Nilitaka kukumbuka siku moja tu niliyokwenda kwake kwa sababu nilimtaka yeye. Nilirudi nyuma mwezi mmoja, mitatu, mwaka.

Sikuiona.

Watoto wa kipaimara nimewafundisha mwenyewe yale maneno ya Mathayo 6: "Bali wewe usalipo, ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Nimewauliza kwenye mtihani. Nimewakata alama.

Usiku ule nilisoma mbele kidogo, sura ya 7, nikasimama kwenye andiko ambalo siku zote nilikuwa nalisoma kwa ajili ya watu wengine. "Wengi wataniambia siku ile, Bwana, Bwana, hatukufanya unabii kwa jina lako, na kwa jina lako kutoa pepo, na kwa jina lako kufanya miujiza mingi?" Tazama wanachokileta watu hawa. Wanaleta orodha ya utumishi. Na Yesu habishani na orodha yao. Hawaambii kwamba hamkutoa pepo. Anawaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe."

Ningeweza kueleza kwa nini mstari huo unawahusu manabii wanaouza mafuta ya upako kwa chupa. Nimewahi kuueleza hivyo, mbele ya watu, nikaungwa mkono. Usiku ule sikuweza.

## Saa kumi na nusu

Nikaamua kuamka kabla ya nyumba. Saa kumi na nusu alfajiri, kiti cha jikoni, taa imezimwa. Mtaa wetu wa Pasua bado uko kimya saa hiyo, ila pikipiki moja moja na adhana ya kwanza.

Nilianza: "Mwenyezi Mungu, Baba wa rehema, Muumba wa mbingu na nchi, tunakuja mbele zako..."

Tunakuja. Nilikuwa peke yangu jikoni nasema "tunakuja", kwa ile sauti ya kanisani.

Nikanyamaza, na nilipoitoa ile sauti sikubakiwa na kitu cha kusema. Hilo lilinitisha kuliko swali la Bibi. Nilikaa dakika kumi nikiwaza ada ya muhula na betri ya gari. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilisinzia. Siku ya nne nilichukua Zaburi, nikasoma, nikagundua ninatafuta mstari utakaofaa kwa ibada ya Jumatano. Siku ya sita sikuamka kabisa, na nilipoamka saa moja nilihisi nafuu, kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu anaumwa.

Hapo ndipo nilipojiuliza kitu ambacho mzee wa kanisa hapendi kujiuliza. Huenda huu ukaribu na Mungu tunaouhubiri mimi sijawahi kuwa nao. Huenda nilirithi nyumba nzuri ya imani, nikaitunza, nikaipaka rangi, nikapokea wageni, bila kukaa hata siku moja na mwenye nyumba.

## Kinyozi wa Wittenberg

Sisi Walutheri tunamjua Martin Luther, mwanamatengenezo wa Wittenberg, Ujerumani, wa zile hoja 95 za mwaka 1517, na tunamjua wa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile ambayo kila aliyepita kipaimara huku kwetu bado anaisikia masikioni: "Maana yake nini?" Luther niliyemtafuta wiki ile alikuwa mwingine. Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter Beskendorf, alimuuliza namna ya kuomba, na yule profesa mwenye shughuli za nusu ya Ulaya akakaa chini akamwandikia kinyozi barua ndefu.

Anaanza kwa kukiri. Anasema yeye mwenyewe huwa anapoa, hamu ya kuomba inamwisha kwa sababu ya kazi na mawazo mengi, na akiona hivyo huchukua kitabu chake kidogo cha Zaburi na kukimbilia chumbani. Au kama ni siku na saa ya ibada, hukimbilia kanisani watu walikokusanyika. Halafu anazungumza na Peter kwa lugha ya kazi yake. Kinyozi mzuri huweka akili na macho kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku anatazama kwingine, atamkata mtu mdomo, au pua, au hata koo. Anamfundisha achukue Amri Kumi, Imani na Baba Yetu, yale yale anayoyajua kwa moyo, ayapitie kipande kwa kipande: hapa nafundishwa nini, nashukuru nini, natubu nini, naomba nini. Na kama katikati ya hayo Roho Mtakatifu ataanza kusema naye, aache yote anyamaze asikilize.

Niliipenda barua hiyo. Niliona nimepata njia.

Kisha nikasoma kilichompata Peter. Pasaka ya mwaka uleule, mezani, pombe ikiwa kichwani, alimchoma kisu mume wa binti yake, akafa. Watu wakamtetea, akaepushwa adhabu ya kifo, akafukuzwa mjini na mali yake ikapotea.

Niliweka simu mezani, nikakaa.

Sisemi barua haikumsaidia. Hayo ni ya Mungu na Peter. Lakini mimi nilikuwa natafuta njia ili niishike njia, na pale nilimwona mtu aliyepewa njia na mwalimu mkubwa wa kanisa langu, tena kwa mkono wake, na bado moyo wake ulikuwa na chumba ambacho haikukifikia. Nikajiuliza chumba changu ni kipi.

Nilikuwa nakijua. Nilikuwa nazunguka ukuta wake miaka yote.

## Nilikuwa nimemnunia

Mdogo wangu wa kike alifariki mwaka 2019, akiwa na miaka 34. Figo. Tulimuuguza miezi kumi na mmoja. Tulifunga, tulikesha, jumuiya tatu zilimwombea kwa zamu, na mara nyingi aliyeongoza ni mimi. Niliomba kwa imani. Nilimwambia mama yetu asilie kwa sababu Mungu amesikia.

Siku ya mazishi, kihambani, kati ya migomba ya baba, mimi ndiye niliyesimama. Nilisema maneno ya Ayubu: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Watu waliniambia wameona imani. Mwaka uliofuata nilichaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, na nadhani mazishi yale yalichangia.

Huku kwetu mtu aliyenuna hatukani. Anazidisha adabu. Mtoto aliyemnunia baba yake hamkosei amri hata moja. Ataamkia, ataitika, atasema asante baba, atatoka. Nyumba nzima inajua kuna jambo kwa sababu ya hiyo adabu.

Nilikuwa nimemnunia Mungu. Zile sala zangu nzuri, zilizopangika, zenye sifa mwanzo na shukrani mwisho, ndiyo ilikuwa adabu yangu.

Alfajiri ya siku ya kumi na moja nilikuwa jikoni na kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Sikuanza na sifa. Sikufumba macho. Nilisikia mdomo wangu unasema, kwa Kichagga, lugha ambayo sijawahi kuitumia kuomba mbele ya watu: "Kwa nini ulimchukua?"

Na baada ya hapo yakatoka yote. Kwamba nilimwamini. Kwamba aliniaibisha mbele ya mama. Kwamba mdogo wangu aliacha mtoto wa miaka minne ambaye sasa anamwita mke wangu mama. Nililia kwa sauti, na mke wangu akaja akasimama mlangoni, kisha akarudi chumbani taratibu bila kuniuliza.

Hakuna jibu lililokuja. Nalisema wazi kwa sababu shuhuda nyingi zikifika hapa huleta jibu, ndoto, au simu iliyolia saa ileile. Jikoni palibaki vilevile. Mdogo wangu hajarudi na sijui kwa nini alikwenda. Ila kwa mara ya kwanza tangu 2019 nilijua kwamba kuna ninayeongea naye. Huwezi kumlaumu hivyo mtu asiyekuwepo.

## Marafiki wa Ayubu

Nilirudi kwenye kitabu cha Ayubu, kwa kuwa ule mstari mmoja nilikuwa nimeutumia vibaya. Wengi wetu tunaishia sura ya 1, pale anapobariki. Kuna sura zaidi ya thelathini baada ya hapo, na ndani yake Ayubu analaani siku aliyozaliwa, analalamika, anamdai Mungu aje wajibizane.

Nilisoma kwa siku nne, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Wale marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaongea sana habari za Mungu. Mengi wanayosema yangefaa mahubiri, mengine nimeshayahubiri. Lakini katika kitabu kizima hakuna hata mmoja wao anayemgeukia Mungu akamwambia neno. Ayubu anaongea na marafiki zake, halafu katikati ya sentensi anageuka, anamwambia Mungu: wewe. Kwa nini wewe unanificha uso wako?

Na mwisho, sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi, "ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu."

Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa.

Nimelikalia hilo siku nyingi. Sidhani Mungu anapenda lawama. Nadhani kati ya wote wanne, Ayubu peke yake ndiye aliyekuwa bado yuko kwenye uhusiano naye. Wengine walikuwa wasemaji wake.

## Mzee mwenzangu alinipinga

Nilimsimulia mzee mwenzangu wa usharika, mtu ninayemheshimu, amenizidi miaka ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, angalia. Haya ya mimi na Mungu wangu tumeletewa. Sisi tumemwendea Mungu pamoja, kama ukoo. Mtu akianza kuwa na Mungu wake chumbani, kesho atatuambia Mungu amemwambia nini kuhusu sisi."

Nilitaka kubisha, nikaona ana hoja. Tumewaona wanaokuja na "Mungu ameniambia" na mwisho wake ni shamba la mtu limeuzwa. Na kuhusu ukoo, si yeye wa kwanza kusema hivyo hapa mlimani. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe aliwapa watu, na kwamba kanisa lisijengwe kwa kumng'oa Mchagga mmoja mmoja kutoka kwa wenzake. Baadaye likaja Uamsho, lililoanzia Gahini, Rwanda, kwenye miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, na wenyewe wakawa na swali moja la mtu mmoja: "Wewe umeokoka?" Waliobatizwa utotoni na kupita kipaimara waliona wametukanwa. Hadi leo kuna familia huku zimegawanyika kwa sababu ya swali hilo.

Mimi nafikiri Gutmann na watu wa Uamsho, wote walikuwa wameshika kitu cha kweli. Waliookoka wa Uamsho hawakubaki chumbani na Yesu wao. Walitoka wakaenda kwa jirani kuungama na kurudisha walichoiba. Na Mchagga aliyekosa, kweli, haendi peke yake kuomba msamaha. Wapo watu wa kumbebea isale, jani letu la kuombea msamaha. Lakini hilo jani hupelekwa ili wale wawili wafike mahali pa kutazamana tena usoni. Siku ikifika hiyo, hakuna mjumbe wa kutazama kwa niaba yako.

Nilimjibu hivyo mzee mwenzangu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeshamwambia mama yetu.

Sikuwa nimemwambia. Nilikwenda Jumanne. Nilimwambia mama kwamba siku zile nilipomkataza kulia nilikuwa nimekosea, na kwamba nilikuwa na hasira kuliko yeye. Tulikaa kwenye benchi la nje mpaka kukawa giza. Hatukuwa tumemtaja mdogo wangu kwa jina, sisi wawili peke yetu, tangu matanga.

## Jumapili iliyopita

Naamka bado saa kumi na nusu, siku nyingi, si zote. Mara nyingi hakuna linalotokea. Nachukua Baba Yetu kipande kwa kipande kama yule kinyozi, na mara nyingi sivuki neno la kwanza. Gethsemane Yesu aliomba mara tatu, na Mathayo anasema mara ya tatu alisema maneno yaleyale. Hilo limenipa ruhusa ya kurudia.

Jumapili baada ya ibada nilipanda tena Old Moshi, bodaboda kutoka Kiboriloni. Bibi alikuwa nje, kwenye jua, na binti anayemsaidia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba." Akanitazama. "Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Akasema "Aa", kama mtu anayepokea kitu asichojua atakiweka wapi.

Nilikuwa nimekuja kumuuliza kuhusu siku ile. Nilimuuliza. Hakumbuki jumuiya, hakumbuki sala, hakumbuki swali. Nilikaa karibu naye kwenye kigoda, na nikajikuta naomba kitu ambacho katika miaka yangu yote ya uzee wa kanisa sijawahi kumwomba.

"Bibi, niombee."

Hakujiweka sawa. Hakubadilisha sauti. Aliendelea, naweza kusema hivyo tu, aliendelea, kama mtu aliyekuwa kwenye mazungumzo tangu asubuhi na mimi nimeyakuta njiani. Alimwambia Ruwa, ndilo jina la Mungu kwa Kichagga, kwamba goti la kushoto linauma tena. Kwamba kuku mwekundu hajarudi tangu jana. Kwamba binti huyu anapika vizuri na amsaidie na mama yake. Akanyamaza kitambo, mpaka nikadhani amemaliza au amesahau. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Na huyu aliyekaa hapa," akasema. "Mimi simkumbuki. Wewe unamjua."

Hakusema amina. Aliniuliza kama nimeshakunywa chai.